Leza ni taa tu, 3D ni jambo jengine

Televisheni za leza, yaani projekta za mezani zinazorusha picha ukutani, zimekuja na maneno mengi kuliko maelezo. Haya ndiyo madai ya uongo yanayowagharimu zaidi wanunuzi wa Unguja na Pemba.

"Leza ndiyo inayoitoa picha nje ya ukuta"

Picha haitoki popote. Leza imeshika nafasi ya balbu ya projekta, basi. Inamulika kijisahani kilichojaa vioo vidogo mno, na kila kioo hupinduka maelfu ya mara kwa sekunde kuupitisha mwanga au kuuzuia. Kinachotua ukutani ni picha bapa. Kina chake, yaani 3D, hutengenezwa na ubongo: jicho la kulia hupewa picha yake na la kushoto yake, zikitofautiana kidogo, kwa vile macho yetu yameachana kama sentimita 6. Miwani ya betri hufunga kioo kimoja na kufungua kingine kwa zamu, mara 60 kwa sekunde kwa kila jicho. Ukiivua, unaona picha mbili zimepandana.

Kwa hiyo dukani uliza maswali mawili, si moja: je, taa yake ni leza, na je, mashine ina 3D? Mashine nyingi zina la kwanza bila la pili.

"Ni kitu kipya kabisa"

Mitsubishi walianza kuuza LaserVue ya inchi 65 huko Marekani mwaka 2008, ikiwa na leza za rangi tatu na uwezo wa 3D. Lilikuwa kabati linalorusha picha kutoka nyuma ya kioo, na mwishoni mwa 2012 kampuni ikaachana na televisheni za namna hiyo. Ya leo ni kisanduku kinachokaa juu ya meza chini ya ukuta na kurusha mwanga kwenda juu. Ukiletewa mtumba kutoka Marekani, soma kwanza kibandiko cha nyuma. Kikiandikwa volti 120 peke yake, ukichomeka kwenye volti 230 za kwetu umekwisha.

"Ukuta wowote mweupe unatosha"

Hapa ndipo nyumba za Mji Mkongwe zinapowaumbua watu. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliopakwa chokaa hauko sawa hata ukionekana sawa. Picha ya inchi 100 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Mashine yenye uwiano wa 0.25 (umbali wake kutoka ukutani ukigawanywa kwa upana wa picha) inakaa kiasi cha sentimita 55 tu kutoka ukutani, kwa hiyo mwanga unapanda kwa mshazari mkali. Tuseme picha inaanzia sentimita 30 juu ya lenzi. Uvimbe wa sentimita 1 karibu na ukingo wa juu utauvuta mstari chini kwa karibu sentimita 3. Uvimbe ule ule ukiwa chini, ni nusu sentimita tu. Ndiyo maana maandishi ya chini yanasomeka vizuri huku milingoti ya goli imepinda.

Pima kabla ya kununua. Laza ubao mnyoofu wa mita 2 ukutani, zima taa, kisha mulika tochi kutoka ubavuni. Mwanga ukipenya chini ya ubao, hapo pana bonde. Usitegemee kunyoosha picha kwa rimoti: ukuta uliovimba haurekebishiki vizuri hivyo, na baadhi ya mashine hukataa kuwasha 3D marekebisho hayo yakiwa yanatumika. Tiba ni skrini ngumu yenye fremu. Ziko zenye meno madogo yanayopokea mwanga wa chini na kuumeza wa juu, nazo zinafaa hata sebuleni mchana. Ila usiitundike kichwa chini, na usiitumie kwa projekta ya darini. Picha itafifia vibaya.

"Lumeni ni zile zile, 3D au bila 3D"

Lumeni ni kipimo cha mwanga. Kwa 3D kila jicho linaona nusu ya muda tu, na vioo vya miwani navyo vinameza zaidi ya nusu ya kilichobaki. Mashine ya lumeni 2,500 inaweza kukufikia kama ya 500 hivi. Funga madirisha. Taa ya tyubu ya zamani nayo izime: kwenye umeme wa hezi 50 inapepesa mara 100 kwa sekunde, haipatani na miwani ya 60, na chumba kizima kinaonekana kinatetemeka.

"Miwani ya sinema itafaa"

Haifai, wala ile ya karatasi nyekundu na buluu. Nunua miwani ya betri inayofuata mmweko wa mashine yenyewe, unaodunda kutoka kwenye skrini. Vitu vya mbali vikionekana vipo karibu, macho yamebadilishana zamu. Tafuta kwenye menyu kipengele cha kugeuza kushoto na kulia.

"Nitaangalia mpira kwa 3D"

Umechelewa. Baadhi ya mechi za Kombe la Dunia la 2010 zilirushwa hivyo, lakini chaneli ya ESPN 3D ilifungwa 2013 na Sky 3D ikafuata 2015. Kilichobaki ni diski za Blu-ray 3D na mafaili. Diski za 4K hazina 3D kwenye muundo wake, na faili lenye picha mbili ubavu kwa ubavu hugawa nukta 1,920 za upana, kila jicho likapata 960.

"Inamaliza Tukuza"

Mashine ya wati 300 kwa saa tatu haifiki uniti moja ya umeme huo wa kulipia kabla. Pasi inaweza kula kiasi hicho kwa saa moja. Hatari ni umeme unaporudi kwa kishindo, kwa hiyo weka stabilaiza yenye kuchelewesha kuupitisha.

"Mwanga wake unapofusha"

Kutazama picha hakuna tatizo. Kuinama juu ya lenzi ndiko kubaya, na watoto hupenda kuchungulia. Mashine nyingi zina kitambuzi kinachozififisha mtu akisogea karibu. Hakikisha kitambuzi hicho hakikuzimwa, na usikizibe kwa kitambaa cha mapambo. Kioo cha lenzi kifutwe kwa kitambaa laini kikavu, baada ya kupuliza vumbi kwanza, maana chumvi ya pwani ikisuguliwa inachora.