Leseni ya duka haipigiwi kura: dhana potofu kuhusu kikao cha madiwani na leseni za biashara

Wiki ya baraza la madiwani ikikaribia, simu za madiwani hazipumziki. Mwenye duka la vipuri anataka "suala lake liingie kikaoni", mwenye baa anaomba atetewe, mama mwenye mgahawa amesikia kwamba bila diwani leseni haitoki. Wengi wao wanagonga mlango usio wao, na mlango ambao ungewasaidia kweli wanaupita bila kuuona. Haya yanahusu Tanzania Bara, hasa halmashauri za majiji, yaani Dar es Salaam, Dodoma, Arusha, Mwanza, Mbeya na Tanga. Manispaa, miji na wilaya wanafuata karibu utaratibu uleule. Zanzibar wana sheria zao.

Dhana: Madiwani ndio wanaopitisha leseni za biashara.

Hapana. Leseni za biashara zinaendeshwa kwa Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972, na anayeitekeleza katika halmashauri ni Afisa Biashara, mtumishi aliye chini ya mkurugenzi. Mwombaji anajaza maombi kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, anapandisha viambatisho, Afisa Biashara anavikagua, namba ya malipo inatoka, analipa benki au kwa simu, leseni inachapishwa. Katika mlolongo huo wote hakuna kiti cha diwani.

Kinachofika barazani ni takwimu. Ndani ya kabrasha la kikao, kwenye taarifa ya kamati ya fedha, utakuta mstari mmoja wa leseni za biashara: makisio ya mwaka, kilichokusanywa hadi robo hiyo, na asilimia. Diwani anaweza kusimama na kuhoji kwa nini makusanyo yameshuka, kwa nini maombi yanakaa mezani wiki tatu, kwa nini kata yake haijafikiwa na wakaguzi. Hayo ni maswali mazito na mkurugenzi hana budi kuyajibu. Lakini diwani hawezi kusema "huyu apewe" wala "yule anyimwe". Akijaribu, anaingilia kazi ya mtendaji.

Dhana: Ada ya leseni ikiwa kubwa, baraza linaweza kuipunguza.

Ada za leseni ziko kwenye majedwali ya sheria yenyewe, kwa aina ya biashara na mahali ilipo. Ya jijini si sawa na ya kijijini. Baraza haliwezi kuzigusa. Linachoweza kugusa ni tozo zake lenyewe, kama ushuru wa soko, machinjio na taka. Hizo zina safari yake, tutaifikia.

Dhana: Nimeshasajili jina BRELA, kwa hiyo nina leseni.

Cheti cha jina la biashara, kinachotolewa na BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), kinasema jina ni lako. Hakikupi ruhusa ya kufungua mlango. Kuchanganyikiwa huku kuna chanzo chake, kwa sababu BRELA hao hao ndio wanaotoa leseni za kundi A: benki, bima, uagizaji na uuzaji nje, wakala wa forodha, kampuni za utalii na nyingine zinazovuka mipaka ya eneo moja. Kundi B, yaani duka la rejareja, mgahawa, saluni, gereji, vifaa vya ujenzi, ni la halmashauri. Ukiwa na duka Mwanza na ukaomba kundi A, utapoteza siku bure. Na ukifanya biashara kwa majina yako halisi, huhitaji hata kusajili jina la biashara. Usajili unahitajika pale unapotundika kibao chenye jina jingine.

Dhana: Nina TIN tangu nilipochukua leseni ya udereva, inatosha.

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, kwa hiyo tukae kidogo.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, iliyotolewa kwa ajili ya leseni ya udereva au kusajili gari si ya biashara. Namba haibadiliki, lakini lazima uende TRA, mamlaka ya mapato, ibadilishwe matumizi, uandikishwe kwa biashara na eneo lako, ukadiriwe kodi, ndipo upate hati ya uthibitisho wa ulipaji kodi. Bila hati hiyo, Afisa Biashara hawezi kuendelea hata kama anakufahamu tangu utotoni.

Kisha mkataba wa pango. TRA watataka kuuona, na wataudai ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Ukipanga fremu kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, pango la mwaka ni 2,400,000, ushuru ni 24,000. Watu huandikiana mkataba wa kiasi kidogo ili kukwepa, halafu mwenye nyumba anapopandisha kodi katikati ya mwaka mpangaji hana karatasi ya kumzuia. Kwa nini mtu ajifunge hivyo kwa ajili ya elfu kadhaa, ni jambo gumu kulielewa.

Kosa la tatu ni majina. Kitambulisho cha NIDA kinasema majina matatu, TIN ina mawili, mkataba umeandikwa kwa jina la mume au la kaka. Mfumo hauoni undugu. Kabla hujapandisha chochote, zitandaze karatasi zote mezani na usome jina, mtaa, kata na namba ya kitalu kwenye kila moja. Zikipishana, rekebisha iliyo rahisi kwanza, ambayo mara nyingi ni mkataba.

Kwa shughuli za kitaalamu ongeza kibali cha msimamizi wake. Duka la dawa linapitia Baraza la Famasi. Vyakula na vipodozi viko TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019, TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) ilipogeuzwa kuwa TMDA na kubaki na dawa na vifaa tiba. Bado wapo wanaotafuta "kibali cha TFDA".

Dhana: Leseni moja inafunika matawi yote.

Kila eneo na kila aina ya biashara ina leseni yake. Duka la nguo lenye kona ya uwakala wa fedha za simu lina biashara mbili chini ya paa moja. Leseni itundikwe mahali panapoonekana. Iliyofungiwa kabatini nyumbani haikusaidii mkaguzi anapoingia.

Dhana: Leseni zote zinaisha Desemba.

Inaisha baada ya miezi 12 tangu ilipotolewa. Ukiipata Machi, utahuisha Machi. Ukichelewa, adhabu ni asilimia 25 ya ada, na asilimia 2 kwa kila mwezi unaoendelea kuchelewa. Ada ikiwa 100,000, hiyo ni 25,000 papo hapo, kisha 2,000 kila mwezi. Si fedha za kufilisi mtu, ila zinalipwa bila sababu. Aliyefunga biashara naye atoe taarifa kwa maandishi, halmashauri na TRA pia. Ukikaa kimya, kwenye vitabu vyao bado upo na bado unadaiwa.

Dhana: Ukiwa na leseni ya biashara, unaweza kuuza bia.

Pombe ina sheria yake, Sheria ya Vileo Na. 28 ya mwaka 1968, na leseni yake ni ya miezi sita, si mwaka. Ina madaraja: jumla, rejareja, hoteli, mgahawa, klabu ya wanachama, na ya muda kwa shughuli maalumu. Saa za kuuza hutegemea daraja, na hapo ndipo wenye baa hugombana na polisi: wamechukua leseni ya bei nafuu, wanafanya biashara ya daraja jingine. Mgahawa wenye leseni ya kuuza kinywaji kwa anayekula si baa, hata ukiweka spika.

Hapa, tofauti na duka la kawaida, sauti ya mtaa ina uzito. Kwa kawaida maombi mapya huhitaji maoni ya serikali ya mtaa na kata na ripoti ya Afisa Afya kuhusu choo, maji na jengo. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake Mtendaji wa Kata, inaweza kuandika kwamba eneo liko karibu mno na shule au nyumba ya ibada. Anayelalamikia kelele asingoje baa ifunguliwe ndipo alalamike. Apeleke barua mtaani maombi yakiwa bado yanazunguka, na leseni ikikaribia kuhuishwa arudi tena na tarehe na saa za kelele zilizoandikwa. Malalamiko ya "wanatusumbua sana" hayana pa kushikwa.

Dhana: Wananchi wakigoma, madiwani watapiga kura kukizuia kituo cha mafuta.

Kituo cha mafuta hakianzii kwenye leseni. Kinaanzia kwenye ardhi. Kiwanja kikiwa cha makazi, mwenyewe anaomba kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, maombi yanapita kwa wataalamu na kamati inayoshughulikia mipango miji na mazingira, na majirani wanapewa taarifa ili wenye pingamizi waseme. NEMC, baraza la mazingira, wana tathmini ya athari kwa mazingira; EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, wana kibali cha ujenzi wa kituo. Pingamizi la maandishi linaloeleza umbali, njia ya maji ya mvua, barabara ya kuingilia magari, likipelekwa kwa mkurugenzi ndani ya muda wa tangazo, linaingia kwenye jalada. Mabango ya maandamano siku matanki yanashushwa hayaingii kwenye jalada lolote.

Dhana: Kitambulisho cha machinga ni leseni.

Vile vya shilingi 20,000 vilivyoanza kugawiwa Desemba 2018 vilikuwa vya kuwatambua wajasiriamali wadogo. Havikumpa mtu haki ya kudumu ya kukaa kwenye hifadhi ya barabara au mbele ya duka la mwenzake. Mahali pa kufanyia biashara hupangwa na halmashauri, na hilo ndilo jambo la kumbana nalo diwani, maana maeneo ya masoko na bajeti ya vizimba vinapita barazani kweli.

Dhana: Kikao cha baraza ni cha siri, na ukiingia unaweza kusema ya kwako.

Yote mawili si kweli. Mkutano wa kawaida wa baraza hufanyika kila robo mwaka na uko wazi. Mwananchi anaingia, anakaa nyuma, anasikiliza, anaandika. Hazungumzi. Vikao vya kamati vyenyewe havina viti vya wageni, na baraza nalo likijigeuza kamati, kwa mfano kujadili nidhamu ya mtumishi, wageni hutoka.

Halmashauri nyingi hugawa mkutano kwa siku mbili: ya kwanza taarifa za kata, ya pili taarifa za kamati. Ratiba haina maajabu. Dua, kuthibitisha ajenda, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, maswali, kisha kamati moja baada ya nyingine. Mgeni hushangaa kuona kamati nzima ikipita kwa dakika kumi. Si kwamba hawajali. Mjadala ulishafanyika kwenye kamati, na barazani taarifa "inapokelewa". Ukitaka kubadili jambo, mfikie diwani kabla kamati yake haijakaa. Swali nalo hupelekwa kwa maandishi kwa mkurugenzi siku kadhaa kabla, kwa hiyo kumnong'oneza diwani mlangoni asubuhi ya kikao ni kuchelewa.

Mkurugenzi anayekaa karibu na meya ndiye katibu wa mkutano. Hana kura. Wanaopiga kura ni madiwani wa kata, madiwani wa viti maalumu na wabunge wa eneo hilo. Mkuu wa wilaya akija ni mgeni, hata akiwa amekaa mbele. Na diwani mwenye maslahi ya fedha kwenye jambo linalojadiliwa, tuseme duka lake limo katika soko linalopangiwa ushuru, anapaswa kuyatangaza na kujiondoa kwenye mjadala na kura.

Dhana: Tozo ikishatajwa kikaoni, inaanza kudaiwa.

Sheria ndogo inaandaliwa na wataalamu, inapita kamati, inatangazwa ili wananchi watoe maoni au pingamizi, inarudi barazani, inapelekwa kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aiidhinishe, kisha inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Hapo ndipo inakuwa na meno. Nafasi ya mfanyabiashara iko katikati, kwenye maoni, na hiyo ndiyo nafasi inayopita tupu mwaka hadi mwaka: tangazo linabandikwa ofisi ya kata, chama cha wenye maduka hakiandiki hata ukurasa mmoja, na kelele zinaanza mashine ya kukusanyia ushuru ikishafika sokoni. Maoni yanayosomwa ni yale yanayotaja kifungu, kiwango kilichopendekezwa, kiwango mnachokiweza, na hesabu inayoonyesha kwa nini.

Mkusanyaji akikudai tozo usiyoifahamu, muulize jina la sheria ndogo na namba ya tangazo iliyochapishwa gazetini. Akiwa navyo, lipa kwa namba ya malipo au udai stakabadhi ya mashine papo hapo. Akiwa hana, usimpe fedha mkononi. Andika jina lake na siku, ukaulize kwa Mtendaji wa Kata.