Muziki wa mseto ni upi hasa?

Muziki wa mseto ni ule unaozaliwa pale mapokeo mawili au zaidi, kila moja na kanuni zake za sauti, mdundo na utungo, yanapokutana hadi kila upande ukabadilika. Hilo la kubadilika ndilo lenye uzito. Okestra ikiendelea kupiga kama ilivyozoea, kisha ngoma ikawekwa nyuma yake, hapo pana pambo tu. Swali la kuuliza ni moja: nani kakubali kuacha mazoea yake?

Mfano tunao hapa kwetu, taarab asilia ya Unguja. Itazame fidla peke yake. Ni fidla ileile ya okestra za Ulaya, yenye nyuzi nne ambazo huko hufungwa sol, re, la, mi. Wapigaji wa muziki wa Kiarabu walizilegeza mbili za juu zikawa sol na re tena, kwa sababu makamu zao nyingi, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, hukaa juu ya sauti hizo, na uzi usioshikwa huitikia na kuujaza wimbo. Zaidi ya hapo, shingo ya fidla haina vizuizi, kwa hiyo kidole kinaweza kutua kwenye robo ya sauti, katikati ya sauti mbili zinazofuatana za piano, mahali ambapo piano haina kitufe. Makamu kama rasti na bayati haziimbiki bila robo hizo. Ganuni nayo, ala bapa ya kudonoa yenye nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, ina vijiwenzo vidogo pembeni vya kupandisha na kushusha sauti hata katikati ya wimbo. Anayepata tabu ni mpiga akodioni: vitufe vyake havipindi, na kama fundi hajaifungua na kuirekebisha, kuna makamu ambazo ni heri anyamaze.

Mchanganyiko huu haukuja kwa siku moja. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuleta muziki wa Misri katika kasri lake. Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab cha Unguja, ilianzishwa mwaka 1905. Huko Cairo, vikundi vidogo vya udi, ganuni na nei (filimbi ya mwanzi) vilikua vikaongeza safu za fidla, selo na besi, na vya Unguja vikafuata mtindo huo. Hadi leo vikundi hivyo hupiga bashraf, muziki usio na maneno ambao asili yake ni Uturuki ya Waosmani.

Lakini kwangu mimi, kilichoifanya taarab iwe yetu ni ushairi. Nyimbo za mwanzo ziliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay. Beti za mistari mitatu, mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho: utungo huo haukubali kuburutwa ovyo. Muimbaji wa Kiarabu huweza kurudia neno moja kwa dakika kadhaa akilipamba. Kwetu msikilizaji anasubiri kina, na anataka kujua fumbo limemlenga nani. Muziki ulilazimika kulisubiri neno.

Ukitaka kuanza kusikiliza, anza na bashraf, ufuate fidla tu. Halafu tafuta kidumbak: fidla moja, vidumbak viwili (ngoma ndogo) na besi ya sanduku la mbao lenye fimbo na uzi. Fidla ileile sasa inakimbizana na mdundo wa ngoma, na wapenzi wameinuka kucheza.

Kisha toka nje ya pwani. Mwaka 1992 Kronos Quartet ya Marekani, fidla mbili, viola na selo, ilitoa albamu ya kazi za watunzi wa Afrika, akiwemo Justinian Tamusuza wa Uganda na Hamza El Din, mpiga udi Mnubi. Isikilize yote, na kwa kila wimbo ujiulize ala hizo nne za nyuzi zimeacha nini.