Kabla Hujasema Yaliyopita si Ndwele

Katika vikao vya Pwani ya Kenya kuhusu ardhi na asili za watu, kuna methali inayofika kabla chai haijapoa. Mtu mzima, aghalabu yule aliyepewa kiti kizuri, husimama na kusema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Watu huitikia kwa vichwa. Hapo kikao kimekwisha, hata kama mtaendelea kutazamana kwa saa mbili.

Vijana tunaowafunza kuendesha vikao hivi huniuliza waanzie wapi, hasa sasa ambapo uchaguzi wa Agosti 2027 umeshaanza kuwatenga majirani. Wengi wanataka kuanza na amani. Mimi huwaambia waanze na mwaka 1907.

Mwaka huo utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wa maili kumi, ule mwambao uliokuwa bado milki ya Sultani wa Zanzibar kwa jina, ingawa tangu 1895 watawala wake hasa walikuwa Waingereza. Fidia ilitolewa, nao waliofidiwa ni waliomiliki watumwa. Mwaka mmoja tu baadaye, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi: kila anayedai shamba katika ukanda ule aende kwa msajili na ushahidi wake. Mwenye karatasi, mwenye mashahidi wa kuaminiwa na ofisi, alitoka na hati. Mmijikenda, mtu wa yale makabila tisa ya Pwani, Wagiriama wakiwemo, ambaye ardhi yake ilikuwa ya ukoo, wala haikuwahi kuwa ya mtu mmoja, alikwenda na nini? Na aliyeachwa huru mwaka mmoja nyuma, shahidi wake nani? Ardhi ambayo haikudaiwa iliandikwa kuwa ya taji la Uingereza, na baada ya uhuru ikawa ya serikali. Ndivyo watu waliozaliwa juu ya ardhi ile, na mababu zao wamezikwa humo, walivyokuja kuitwa maskwota, yaani wakaaji wasio na hati.

Ninaziandika tarehe hizi ubaoni kwa chaki, kubwa, kabla mtu yeyote hajasema neno. Kikao kisicho na tarehe huanza na damu: Mwarabu mwizi, Mgiriama mvivu, mbara mlafi. Ukibishana na mtu kuhusu damu yake hamtafika popote, maana hana la kubadilisha. Karatasi ina mwaka, ina muhuri, ina aliyeitunga. Tunaweza kuiuliza.

Lakini tarehe nazo ni mahali pazuri pa kujificha. Katika kikao kimoja mtaa wa Mombasa, bwana mmoja wa makamo, mpole, ambaye familia yake ina viwanja kadhaa, alizitazama zile tarehe akapumua. "Kumbe ni Mwingereza," akasema, "sisi na nyinyi sote tulionewa." Watu wakaanza kupiga makofi. Mama mmoja aliyeketi karibu na mlango, mwenye nyumba yake katika moja ya viwanja vile, akasema kwa sauti ya chini, "Ami, Mwingereza ashaenda. Kodi ya kiwanja twamlipa nani?"

Asiyeijua Mombasa aelezwe: iko desturi tunayoiita nyumba bila ardhi. Nyumba ni yako, umeijenga kwa jasho lako, lakini udongo ulio chini yake ni wa mtu mwingine, na kila mwezi unamlipa. Unaweza kuzaliwa humo, kuoa humo na kuzeeka humo.

Makofi yalikatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu, na kosa ambalo ningelifanya zamani ni kukijaza. Ningesema, "Ahsante mama, sasa tumsikilize mwingine," na swali lile lingekufa. Siku hiyo nilimezea. Yule bwana ndiye aliyekivunja kimya, na alipokivunja hakujibu kuhusu Mwingereza tena. Alisimulia jinsi babu yake alivyomwambia asiuze hata kiwanja kimoja, na jinsi yeye mwenyewe anavyoogopa kuwa siku moja atafukuzwa kama mgeni, kwa sababu ya sura yake, katika mji aliozaliwa. Hofu yake ni ya kweli. Swali la mama nalo ni la kweli, na moja halilifuti lingine. Mwendeshaji akikimbilia kusema "kila mtu ana maumivu yake" amempokonya mama swali lake.

Haya hayatokei kwa bahati. Kabla ya siku hiyo tulikaa na kila upande peke yake, zaidi ya mara moja, kinamama mbali na wanaume. Hatukufanyia kikao kwa chifu, maana kwa chifu watu husema anayotaka kusikia chifu. Viti vya plastiki tuliviondoa, tukatandika mikeka, ili asiweko wa juu na wa chini. Na lugha! Tunadhani Kiswahili ni cha wote, lakini hapa Pwani aliyekulia Mji wa Kale hukicheza kama ala, na mzee wa Kigiriama kutoka bara ya Kilifi huonekana mjinga katika lugha hiyohiyo. Mwache aseme Kigiriama, mtafute wa kumtafsiria.

Yako maneno yanayohitaji uangalizi. Mwaka 2022 tume ya uwiano na utangamano iliorodhesha maneno ya chuki, "madoadoa" (kuwaita watu wa kabila jingine doa) na "wabara waende kwao" yakiwemo. Orodha ina kazi yake mahakamani. Kikaoni, mtu akisema "wabara" simfungi mdomo. Namuuliza ni nani huyo, anaitwa nani, amefanya nini, lini. Wengi tunakumbuka Likoni, Agosti 1997, vikaratasi vya kuwataka watu wa bara wahame, kisha watu zaidi ya mia moja wakafa. Neno lile lilikuwa limeachwa bila kuulizwa kwa miaka mingi.

Usiahidi ardhi. Huna. Kifungu cha 67 cha Katiba ya 2010 kimeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria, na kikao chako kinaweza kuwasaidia watu kupanga madai yao vizuri, basi. Wala usimalizie kwa picha ya watu wameshikana mikono. Wafadhili huipenda sana, najua.

Sisi humalizia kwa kuyasoma yaliyosemwa, polepole, kila mtu akisahihisha yake. Siku ile ya Mombasa tulikwama kwenye neno moja. Yule bwana alitaka iandikwe kuwa wapangaji wanatoa "ada" ya kiwanja. Mama akasema yeye hutoa kodi. Adhuhuri iliingia, wengine wakaenda kuswali, wengine wakala mahamri yaliyobaki, tukarudi tukaendelea kubishana. Mwishowe tuliyaandika yote mawili, kila neno na jina la aliyelisema.