Muvi za kungfu: mdomo huku, sauti kule

Wengi tumekua tukiamini zile muvi za zamani za kungfu mdomo na sauti haviendani kwa sababu Wazungu walibandika Kiingereza juu ya Kichina, yani ukipata kopi ya Kichina yenyewe kila kitu kinakaa sawa. Sio kweli. Itafute hiyo kopi uangalie midomo, mara nyingi nayo inapishana vilevile.

Ishu ni kwamba Hong Kong miaka ya 1960 na 1970 muvi nyingi zilikuwa zinashutiwa bila kurekodi sauti kabisa. Kampuni kubwa kama Shaw Brothers walikuwa wanapiga picha kwanza, halafu watu wengine wanaingia studio kuweka maneno (kwa hiyo kwenye seti hata dairekta akipiga kelele katikati ya sini haikuwa noma). Ilikuwa fasta na bei poa, halafu kulikuwa na suala la lugha, maana Kichina kina aina zake, mwigizaji mmoja kazoea Kikantoni cha Hong Kong mwingine Kimandarini, na soko la Taiwan linataka Kimandarini, sasa ukirekodi hapohapo utapata mchanganyiko usioeleweka. Hata Bruce Lee, zile muvi zake za Hong Kong ukizisikiliza kwa Kimandarini, maongezi sio sauti yake.

Na ile "pah! pah!" ya ngumi nayo ni ya studio, mlio uleule unahamishwa muvi hadi muvi, ndio maana ngumi ya mzee na ya kijana zinalia sawa. Kurekodi sauti palepale kulikuja kuenea huko miaka ya 1990.