Kabla hamjasaini kuuchukua mwili wa aliyefia mahabusu

Familia nyingi hunifikia zimechelewa. Maiti imeshadungwa dawa ya kuhifadhi, ambayo huvuruga vipimo vya sumu, au imeshazikwa. Mkononi wana karatasi yenye maneno machache: alijinyonga, alianguka, moyo ulisimama. Mimi ni daktari wa uchunguzi wa maiti, na swali la kwanza ninalowauliza ni hili: walipasua wapi?

Uchunguzi wa kawaida hufungua kichwa, kifua na tumbo. Kwa aliyefia mikononi mwa polisi, hiyo haitoshi. Kipigo kinaweza kuvilisha damu ndani kabisa ya misuli huku ngozi ikionekana haina kitu, hasa ngozi nyeusi. Ndiyo maana mgongo, matako, mapaja na nyayo lazima vichanjwe mpaka kwenye nyama. Nyayo hasa! Kuna wanaotesa kwa kupiga nyayo, na nimesoma ripoti nyingi ambazo hazizitaji hata kwa neno moja. Fimbo au kirungu mara nyingi huacha mistari miwili sambamba, katikati pamepauka. Kamba ya aliyening'inia kwa kawaida huacha alama inayopanda kuelekea kwenye fundo. Aliyekabwa kwa kamba, alama yake aghalabu huzunguka shingo kwa usawa.

Ipo pia alama inayowachanganya wafiwa. Baada ya kifo damu hutuama upande wa chini wa mwili, na ngozi hugeuka zambarau. Hicho si kipigo. Huwa nawaambia hata inapowauma, kwa sababu dai moja la makosa hutumiwa mahakamani kuyaangusha yote ya kweli.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1989 kuhusu uchunguzi wa mauaji ya kiholela zinaipa familia haki ya kudai daktari wake awepo wakati wa upasuaji. Idaini haki hiyo kwa maandishi, na mwombe picha zote pamoja na ripoti.

Ripoti hata ikiwa na hitimisho baya, itunzeni. Ahmed Timol, mwanaharakati wa kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, alikufa mwaka 1971 akiwa mikononi mwa polisi wa usalama mjini Johannesburg. Mwaka 1972 mahakama ilisema alijirusha dirishani. Ndugu zake hawakuchoka, na mwaka 2017 shauri lilipofunguliwa upya, wataalamu waliyasoma tena majeraha yaliyoandikwa wakati ule wakaona mengine hayakutokana na kuanguka. Jaji akaamua kwamba aliuawa.

Andikeni leo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi: alikamatwa saa ngapi, nani alimwona mara ya mwisho, alikuwa anatembea mwenyewe? Nguo alizovaa msizifue. Zikiwa na unyevu ziacheni zikauke kivulini, kisha kila moja iwekwe kwenye mfuko wake wa karatasi. Katika plastiki zitaoza.