Watu wanashangilia kuruka, mimi natazama miguu

Vijana ninaowafundisha sarakasi huku Luchelele, ufukweni mwa ziwa Mwanza, wana tairi la lori walilolifukia nusu mchangani. Mtu anakuja mbio, anakanyaga tairi, anajipindua hewani, na wavuvi wanaoshona nyavu wanapiga mluzi kabla hajagusa chini. Ugomvi wangu na vijana unaanzia hapo: akishapigiwa mluzi, kutua kwake anakuona hakuna maana tena.

Siwalaumu sana, Usukumani tumelelewa hivyo. Kwenye mashindano ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, kama yale ya Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo, mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake. Umati ndio mwamuzi. Kwenye jimnastiki umati unaweza kupiga kelele mpaka paa litikisike na bado ukakosa medali.

Tangu 2006 alama zina mafungu mawili. La kwanza ni la ugumu, linapanda kadiri unavyofanya mambo magumu zaidi. La pili ni la ufanisi: unaanza na 10, halafu waamuzi wanakumega. Ukitua ukasogeza mguu kidogo, 0.1 imekwenda. Hatua kubwa, 0.3. Ukianguka, 1.0 nzima. Wanaume wana vifaa sita: sakafu, farasi wa vishikio, pete, meza ya kuruka, vyuma sambamba na chuma cha juu. Ukiacha farasi, ambaye hana samasoti (kujipindua hewani) ya kumalizia, kwingine kote mwisho wake ni miguu miwili kugonga godoro.

Ndiyo maana nikitaka kuwaeleza vijana jambo hili, nawasimulia habari za Kohei Uchimura wa Japani. Wazazi wake walikuwa wanajimnastiki, wakifundisha kwenye ukumbi wao huko Nagasaki, naye alianza akiwa na miaka 3. Kuanzia 2009 hadi 2016 alichukua ubingwa wa jumla, yaani wa vifaa vyote sita, mara nane mfululizo: sita za dunia na mbili za Olimpiki. Walikuwepo waliomzidi kwenye kifaa hiki au kile. Ila yeye alitua kama mtu aliyeshuka ngazi ya mwisho nyumbani kwake.

Olimpiki ya Rio, 2016. Kimebaki kifaa kimoja, chuma cha juu, na Oleg Verniaiev wa Ukraine anaongoza kwa 0.901. Pengo kama hilo kwa watu wa kiwango kile ni kubwa mno. Uchimura anapanda, anazunguka chuma, anakiachia na kukidaka tena, kisha anamalizia kwa samasoti mbili mwili ukiwa umenyooka, huku akijisokota mara mbili. Anatua. Miguu haisogei. Alama 15.800. Verniaiev anapanda baada yake, anapata 14.800. Fanya hesabu: tofauti ya mwisho ni 0.099. Haifiki hata bei ya hatua moja ndogo!

Vijana wakisikia hivyo wanadhani siri ni kukaza miguu. Hapana. Kutua kunatengenezwa ungali hewani. Mwili uliojikunja, mikono ikiwa imebana kifuani, unazunguka kwa kasi. Ukifungua mikono na kujinyoosha, mzunguko unapungua. Anayefungua mapema anapata nafasi ya kuiona sakafu na kuipokea kwa vifundo, magoti na nyonga kwa pamoja. Anayechelewa anaipokea sakafu kwa vifundo peke yake, na uzito unaomshukia hapo ni mara kadhaa ya uzito wake.

Na hesabu hiyo haimwachi hata bingwa. Kwenye mashindano ya dunia ya Montreal, 2017, Uchimura aliumia kifundo cha mguu alipotua kutoka kwenye meza ya kuruka, na ule mfululizo ukaishia pale. Mabega nayo yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, alikwenda na chuma cha juu tu. Kwenye mchujo mikono ikakikosa chuma, akaanguka. Mwaka uliofuata akastaafu, akiwa na miaka 33.

Sasa huku kwetu shida ni mchanga. Mchanga mkavu unasamehe kila kitu. Mguu unazama na kosa linafukiwa humohumo. Kwa hiyo nimelihamishia tairi karibu na maji, penye mchanga mbichi ulioshikana. Mtu akitua, simwangalii usoni wala siulizi, nakwenda kusoma nyayo. Zikiwa mbili, safi. Zikiwa nne, namwandikia 0.1. Juzi mmoja alitua vibaya, nikanyanyuka kwenda kuhesabu. Kabla sijafika akawa ameshavuta mguu, kafuta zote, kasimama pale kashika kiuno: "Mbili, kocha."