Kijani cha uwanja wa gofu hakimlishi samaki

Tangu nyumba za bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, zianze kubomolewa kupisha mradi ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, mjadala wa bustani itakayowekwa Jangwani umeingia hadi kwenye daladala. Wengi wanaieleza hivi: iwe kama uwanja wa gofu, nyasi tupu, safi, macho yapumzike. Hamu hiyo ya kijani naielewa kabisa. Lakini picha yenyewe inanitia wasiwasi, kwa sababu California, Marekani, palikuwa na viwanja vya gofu hasa, na vikafumuliwa ili maji na samaki warudi.

"Uwanja wa gofu ni asili tayari, si ni kijani?"

Zile nyasi ni aina moja au mbili, zinakatwa kila mara, zinamwagiliwa, zinawekwa mbolea na dawa ya magugu. Mvua ikinyesha, sehemu ya mbolea na dawa hiyo inaingia kwenye kijito. Chini ya nyasi kuna mabomba ya kukausha ardhi haraka ili wachezaji wasikanyage tope, kwa hiyo maji yanasukumwa kwa jirani wa bondeni upesi kuliko ambavyo yangekwenda yenyewe. Aliyeshuhudia Desemba 2011, maji yalipomeza Jangwani na kuua watu, anajua kasi ya maji maana yake nini.

Huko Santa Barbara, mwaka 1965, sehemu ya juu ya kinamasi cha Devereux ilijazwa udongo uliochotwa kwenye mwinuko wa jirani, ukazaliwa uwanja wa gofu wa Ocean Meadows. Kwa karibu nusu karne ulionekana kijani. Chini yake kulikuwa na kinamasi kilichozikwa.

"Basi waache tu, patajirudi penyewe."

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Magugu yatarudi, ndiyo. Ila udongo ulioletwa kwa mashine hauondoki kwa kusubiri. Eneo lile lilikabidhiwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, mwaka 2013, na kazi ya mitambo ikaanza 2017. Walichimbua zaidi ya mita za ujazo 250,000 za udongo na kuurudisha kwenye mwinuko ulikotoka. Tipa la mchanga la hapa kwetu, tuseme la mita 15, lingepiga safari zaidi ya 16,000. Ndipo wakapanda mimea ya asili ya pale, na maji yakapata pa kutandaa. Samaki mmoja mdogo wa jamii ya gobi, anayelindwa kisheria kwa kuwa yuko hatarini kutoweka, akaonekana tena kwenye maji yale.

"Samaki ni wa baharini, ardhi inawahusu nini?"

Kule San Geronimo, kaskazini mwa San Francisco, kijito kinapita katikati ya uliokuwa uwanja wa gofu. Salmoni aina ya coho hupanda kutoka baharini kuja kutaga humo kwenye changarawe, na watoto wao hukaa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi zaidi ya mwaka mzima kabla ya kushuka baharini. Wanahitaji kivuli cha miti na magogo ya kujifichia. Ukikata miti ya ukingoni ili mpira usipotee, maji yanapata joto na mtoto wa samaki anakufa kabla hajaijua bahari.

Salmoni si wa kwetu, lakini habari ni ileile. Kamba unaowakuta soko la samaki la Feri walipitisha utoto wao kwenye mikoko. Mkizi na mwatiko nao huingia vijito vya chumvichumvi wakiwa wadogo. Nilikuwa Kunduchi wakati wa maji kupwa, kwenye mizizi ya mchu, mmojawapo wa miti ya mikoko, inayochomoza topeni kama penseli. Katikati yake kulikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa sinia, kimejaa visamaki visivyozidi ukucha. Kijana mmoja akainama kuvichota na chandarua. Mzee aliyekuwa anaparura ngalawa yake hakupaza hata sauti: "Mjukuu wangu, hao rudisha. Hao ndio kitoweo cha watoto wako." Kijana akarudisha.

"Mikoko inaleta mbu." Wapo mbu wanaoweza maji ya chumvi, siwezi kukataa. Ila maji ya bahari yanayoingia na kutoka mara mbili kwa siku, yenye samaki wanaokula viluwiluwi, hayawatunzi kama unavyowatunza mtaro ulioziba wa mtaani.

"Wakiweka samaki, sisi tutafungiwa nje."

Hofu hii naiheshimu, maana vijana wengi mpira wao ni Jangwani. San Geronimo nako watu waligombana sana. Mwaka 2020 kulipigwa kura kuhusu pendekezo la kuilinda ardhi ile iendelee kuwa ya gofu. Wapiga kura wakalikataa. Santa Barbara leo kuna njia za miguu, na yeyote anaingia kutembea na kutazama ndege. Zamani ulihitaji kulipia mchezo.

Kwetu mpangilio unawezekana: kiwanja cha mpira na njia za baiskeli vikae juu, mikoko ikae chini inakofika bahari. Gymkhana na Lugalo wanaotaka gofu bado wanacheza, na sisemi vifungwe. Nasema Jangwani pasitandikwe zulia. Ukialikwa kwenye kikao cha maoni, usiishie kuuliza mabenchi mangapi. Uliza wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya chumvi yataruhusiwa kupanda mpaka wapi kutoka Daraja la Salenda, Msimbazi unapoingia baharini, na hapo yatakapofikia kutapandwa mchu na mkoko, au nyasi.